Siyo Laivu

Neno lenyewe lililetwa nyumbani na binti, siku aliyorudi kutoka chuo cha ufundi na begi la zana begani. Mama yake, mshonaji wa sare za shule, alikuwa amekaa kwenye cherehani yake ya miguu, akilitazama lile begi kwa jicho baya. Binti akatoa vipande viwili vya waya, akavilaza juu ya kitambaa.

"Mama, ukinisikia nasema laivu, ni huu mwekundu. Huu ndio wenye umeme. Huu mweusi ni nyutro, wa kuurudisha."

"Laivu ndiyo nini kwa lugha ya watu?"

"Kiingereza hicho. Mwalimu alisema maana yake ni hai, kitu chenye uhai."

"Waya una uhai? Makubwa! Haya, unakula nini?"

"Unakula watu, mama."

Wakacheka wote wawili. Mama alicheka ili asionekane mwoga, maana tangu binti aseme anataka kusomea umeme, moyo wake haukuwahi kukaa kitako. Alikuwa mtu wa kugeuzia makali ya kisu ukutani. Alikuwa mtu wa kumwambia mgeni "angalia kizingiti" hata kama mgeni yule alizaliwa nyumba hiyohiyo. Wanawe walimtania kwamba hata maji ya baridi huyapuliza kwanza.

Binti akawa fundi kweli, hadi jina lake likapotea, akabaki kuitwa Fundi na mtaa mzima, na mama yake akaitwa Mama Fundi. Alipata kazi kwa mkandarasi mmoja aliyeitwa Kipara, mtu wa maneno machache, asiyempigia kelele mzembe. Begi la zana aliwapa mafundi wake yeye mwenyewe; mzembe alichukuliwa begi hilo tu, akaambiwa kwaheri.

Mdogo wake Fundi alikuwa kijana wa kiume, na kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo la mama, waliendelea kumwita Mziwanda hata baada ya kuota ndevu. Mziwanda naye alikuwa na laivu yake. Kwake yeye laivu ilikuwa mechi inayochezwa sasa hivi, jasho likiwa bado linawatoka wachezaji. Mechi ya jana ilikuwa marudio, na marudio aliyatazama kwa kukosa la kufanya, kama mtu anayekula kiporo. Dada yake alikuwa shabiki wa timu hiyohiyo. Basi nyumba ile ikiulizwa "iko laivu?" huwezi kujua kama anayeuliza ameshika koleo au ameshika simu.

Na kulikuwa na laivu ya tatu, ya mtaani. Jirani yao mmoja, Mama Pacha, aliitumia kila siku. "Nimempa laivu," alikuwa akisema, mikono kiunoni, "nimemwambia mbele ya mkewe, sikumung'unya." Hiyo ilikuwa kusema ukweli mkavu, bila kuupaka mafuta. Mama Fundi aliipenda hiyo, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kumpa mtu laivu. Alikuwa mtu wa kuzunguka mbuyu mpaka mbuyu wenyewe upate kizunguzungu.

Hakuona ubaya wowote. Kiswahili nacho si kina paa la nyumba na paa wa porini? Na hakuna aliyewahi kupanda juu ya mnyama kuziba panapovuja. Watu wanajua. Ndivyo alivyodhani, na ndivyo tunavyodhani wengi wetu, kwamba watu wanajua.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, jua limejaa madirishani. Macho ya mama yalikuwa yameanza kumchezea, uzi mweusi kwenye kitambaa cha bluu ukimpotea, basi Fundi alisema atamtundikia taa juu kabisa ya cherehani. Kazi ndogo. Akasogeza meza, juu ya meza akaweka kigoda. Mama akasema mambo ya miguu ya kigoda. Fundi akasema, "Sawa mama." Mama akasema mambo ya viatu. Fundi akamwonyesha soli ya mpira. Mama akachukua pini zake, akazibana midomoni kama wanavyofanya washonaji, akaanza kupinda ukosi wa shati, maana akiwa na pini mdomoni angalau alijua hataongea.

Mziwanda alikuwa korido, amekaa chini ya swichi kubwa inayozima umeme wa nyumba nzima, simu mkononi, spika ndogo masikioni. Kabla ya kukaa alikuwa amemwambia mama, "Natazama ya jana, maana sikuiona vizuri." Mlango wa chumba cha kushonea ulikuwa wazi, na mama alikuwa karibu na mlango. Fundi alikuwa juu, kichwa na mabega vimeshaingia kwenye tundu la dari.

"Mziwanda, zima swichi kubwa!" akaita humo darini.

Mziwanda hakusikia. Masikio yake yalikuwa uwanjani. Mama aliona kisigino chake tu kikitingishika sakafuni.

Fundi akangoja kidogo. Akavuta waya, akaurudisha. Kushuka, kuondoa kigoda, kwenda korido, kurudi, kupanda tena, ilikuwa safari. Testa yake, ile bisibisi yenye kitaa kinachowaka ikigusa umeme, ilikuwa ndani ya begi, na begi lilikuwa chini ya meza. Akaita tena, kwa sauti kubwa zaidi:

"We Mziwanda! Iko laivu?"

Sasa neno hilo moja Mziwanda alilisikia, kama mbwa anavyosikia jina lake hata katikati ya ngoma. Akachomoa spika ya sikio moja. Laini ya umeme husemwa iko, mechi nayo husemwa iko, Kiswahili chenyewe siku hiyo hakikusaidia.

"Siyo laivu!" akajibu. "Ni marudio!"

Na mama akacheka. Hilo ndilo alilolijua yeye peke yake baadaye. Alicheka puani, pini zikiwa midomoni, kwa sababu aliona kichekesho: huyu anauliza hili, yule anajibu lile. Aliona kichekesho kwanza. Hatari aliiona ya pili. Kati ya ya kwanza na ya pili palikuwa na upenyo mdogo wa kupitisha uzi, na binti yake akapita humo. Darini Fundi alikuwa amesikia maneno mawili, siyo laivu, yaliyobaki yakamezwa na mbao, akaushika waya. Mama alifungua mdomo kupiga kelele, pini zikamwagika, akasikia kigoda kinatetemeka juu ya meza, tatatata, kama cherehani nyingine.

Fundi hakupiga kelele. Aliyepiga kelele ni mama. Mziwanda akaruka, akachungulia, akaona miguu ya dada yake imekakamaa, na hapo kijana akafanya jambo la akili: hakumgusa. Aligeuka, akashusha swichi kubwa. Fundi akaanguka juu ya marobota ya vitambaa vya sare, mkono wa kulia mweusi kwenye kiganja.

Alipona. Hilo lisemwe kwanza, maana wengi hawaponi. Daktari alisema moyo uko sawa, kichwa kiko sawa, kidonda kitafunga. Ila mkono wa kulia, kuanzia kidole gumba mpaka cha kati, umekufa ganzi. Ganzi inaweza kuondoka, akasema, na inaweza isiondoke. Akasema pia kwamba mtu akipigwa na umeme asiamini sana anachokumbuka, kichwa huchanganya mambo.

Nyumbani watu wakaja. Mama Pacha akaja na wanawe wote wawili, akakaa, akasimulia kwa kila anayeingia jinsi Mziwanda alivyookoa. "Huyu mtoto! Huyu mtoto wangemlipa mshahara! Mwingine angeenda kumkumbatia dada yake wafe wote." Wanaume mtaani wakampa Mziwanda mkono. Yeye akatazama chini, akasema "Kawaida tu," lakini mabega yalikuwa yamepanuka. Hakujua. Alikumbuka dada yake alimuuliza habari za mechi, akamjibu, kisha balaa likatokea. Kwake yalikuwa mambo mawili mbalimbali.

Na kwa Fundi watu walikuwa na maneno mengine. Waliyasema uani, lakini uani si mbali. Kwamba alipanda bila kuzima. Kwamba hakumwambia mtu. Kwamba kazi ya umeme haitaki mtu mwenye mawazo mengi, na wasichana, jamani, mnawajua. Fundi mwenyewe alikaa kitandani, mkono umefungwa, akisema jibu lilelile kwa kila anayeuliza. "Ni uzembe wangu."

Mama hakusema kitu. Siku zikapita hakusema kitu. Si kwamba alikuwa na uchungu. Watu walidhani ana uchungu, wakamshika bega, naye alikuwa akiona mkono wao juu ya bega lake kama mkono ulioshika bega la mwingine. Alishona. Oda za sare zilikuwepo, shule zilikuwa karibu kufunguliwa, akashona kola, akashona mifuko. Mara moja Mama Pacha akamwambia, "Mwenzangu, damu hiyo!" Akatazama, akaona sindano imepita kwenye kidole chake na kola nyeupe imepata doa. Hakuwa amesikia maumivu yoyote. Akafuta, akabadilisha kola, akaendelea.

Kichwani mlikuwa na hesabu moja tu. Nikisema, namvunja huyu. Nisiposema, naacha yule avunjike. Alikuwa akiianza asubuhi na kuimaliza jioni palepale alipoianzia. Juu ya kichwa chake nyaya mbili zilining'inia kwenye tundu la dari, mmoja mwekundu na mmoja mweusi, ncha zimefungwa tepu na Mziwanda. Hakuna aliyezigusa tena. Mama alishona chini yake kwa mwanga wa dirisha.

Wiki ile ile ya kufungua shule, Kipara akaja. Alivua kofia mlangoni, kipara kikang'aa. Akakataa kiti, kisha akakikubali.

"Pole, mama."

"Tumeshapoa."

"Mkono?"

"Uko hapo," Fundi akasema, akauinua. "Nakishika kikombe naona, sikisikii."

Kipara akatikisa kichwa. Akatazama dari. Alitazama muda mrefu zile nyaya, kama mtu anayesoma.

"Nimekuja kuchukua begi," akasema.

Begi lilikuwa chini ya meza, pale pale. Zana zilikuwa za Kipara, kila mtu alijua, na kila mtu mtaani alijua maana ya Kipara kuja mwenyewe kuchukua begi. Habari hiyo ikishatoka hapo hakuna mkandarasi angemchukua binti yule, mkono uwe mzima au usiwe mzima.

"Ni haki yako, bosi," Fundi akasema. "Ni uzembe wangu."

"Sijasema kitu."

"Nasema mimi. Sikuzima. Sikuuliza."

Mziwanda alikuwa ameegemea mlango. Akasema, kwa nia nzuri tu ya kumtetea dada yake, "Angeniita ningezima. Nilikuwa hapo hapo chini ya swichi. Hakuniita, bosi, basi tu ni bahati mbaya."

Hapo ndipo mama alipoondoa mguu kwenye cherehani. Alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye kile kimto chake, na wote wakamtazama wakidhani anatafuta kitu.

"Alikuita," akasema.

"Nani, mama?"

"Alikuita mara mbili. Mara ya kwanza alisema zima swichi kubwa. Ulikuwa na vile vidude masikioni, hukusikia. Mara ya pili akauliza iko laivu. Ukasema siyo laivu."

Mziwanda akatabasamu nusu. "Mechi, mama. Aliniuliza me—"

Akaishia hapo. Mama aliuona uso wake ukienda mbali na ukirudi. Alikuwa amengoja siku zote hizo kuuona uso huo, akiuogopa, na sasa alikuwa akiuona na hausikii, kama alivyokuwa haisikii sindano.

"Hukujua," mama akamwambia. "Nakupa laivu kwa sababu dada yako anaondoka na jina la mzembe. Wewe hukujua. Mimi nilijua. Nilisikia swali na nilisikia jibu, na nilicheka."

Nje Mama Pacha alikuwa akiwaita wanawe waje waoge.

"Kumbe nilisikia," Fundi akasema polepole. Hakumwambia mtu yeyote, aliuambia mkono wake. "Kumbe nilisikia kweli. Siyo laivu. Nimekuwa nikiisikia kila siku, nikasema ni kichwa. Daktari si alisema ni kichwa? Nikasema hata nikiwaambia wataona namtwisha mdogo wangu."

"Dada," Mziwanda akasema.

"Nyamaza kwanza."

"Dada, mimi—"

"Nimesema nyamaza, Mziwanda. Sijakasirika. Niache nisikie kwanza kwamba sina wazimu."

Mziwanda akatoka. Hakupiga mlango. Walisikia hatua zake zikivuka ua, zikasimama, na mama alijua amesimama pale kwenye karo la kufulia, maana ndipo alipokuwa akisimama tangu utotoni akitaka kulia. Alipaswa kumfuata. Mwili ulibaki kwenye kiti.

Kipara alikuwa akiizungusha kofia yake magotini.

"Kwa hiyo uliuliza," akasema.

"Niliuliza, bosi."

"Ukajibiwa."

"Nikajibiwa."

"Basi kosa lako ni jingine, si hili wanalosema huko nje. Umemuuliza mtu. Mtu ana mdomo, ana mechi, ana mambo yake. Waya hauulizwi kwa watu, unapimwa. Testa ilikuwa wapi?"

"Kwenye begi. Niliona uvivu kushuka."

"Enhe." Kipara akainuka. Akalivuta begi kutoka chini ya meza, akalitia begani, na mama akaona ndiyo imekwisha, akasubiri aumie, hakuumia. Kipara akafika mlangoni, akasimama akiwa amewapa mgongo.

"Nina jengo la ghorofa naanza kuvuta nyaya. Vijana sita, na wote ni kama huyo mdogo wako, vidude masikioni. Nataka mtu wa kukaa kwenye swichi kubwa. Anayeondoa fyuzi na kukaa nayo mfukoni, hamrudishii mtu mpaka wote wameshuka. Mkono mmoja unatosha kazi hiyo. Si kazi ya fundi, nakwambia mapema, usije ukalia. Na huko kwangu neno hilo sitaki kulisikia. Umeme upo, umeme haupo. Basi."

"Nitakuja," Fundi akasema.

"Begi utalikuta huko."

Alipoondoka, Mama Pacha akaingia karibu kukanyagana naye, akauliza amefukuzwa au hakufukuzwa. Mama Fundi akamwambia yote, mwanzo hadi mwisho, na cha ajabu Mama Pacha, mwenye kuwapa watu laivu mtaa mzima, hakupata neno. Aliishia kusema, "Pini mdomoni, jamani," akatoka.

Taa ile ilitundikwa baadaye. Fundi alisema hataki kuziona zile nyaya zinaning'inia kama nyoka, ama amalize kazi au azirudishe darini. Alipanda juu ya meza safari hii, si kigoda. Testa alikuwa ameiazima kwa fundi mwenzake, ameibana kwapani. Mkono wa kushoto ulikuwa bado haujajua kushika koleo, ukawa unaangusha vitu, na mama alikuwa akiviokota na kumrudishia bila kusema angalia.

"Mziwanda," Fundi akaita.

Tangu siku ya Kipara kijana alikuwa hatazami mechi. Hakuna aliyemkataza. Simu alikuwa nayo, aliitumia kujibu watu. Dada yake alikuwa akimtania, naye alikuwa akicheka pale panapotakiwa kicheko, kama mtu anayelipa nauli.

"Naam, dada."

"Umeme upo?"

Walisikia kifuniko cha swichi kubwa kikifunguliwa korido, kisha mlio mdogo, tak. Mziwanda akaingia chumbani, fyuzi kwenye kiganja. Akampita dada yake, akaenda kwa mama, akaiweka mapajani mwake juu ya shati alilokuwa akishona.

"Shika wewe, mama. Usimpe mtu. Hata mimi usinipe."

Juu, Fundi akagusa testa kwenye waya mwekundu, akatazama kitaa, akagusa tena. Hakiwaki. Ndipo akaweka mkono.

Mama akaifunika fyuzi kwa viganja vyote viwili. Alijaribu kusikia kama ni ya moto au ya baridi, hakusikia. Akaibana zaidi. Akakaa nayo hivyo hadi binti yake aliposhuka, miguu yote miwili sakafuni, akanyoosha mkono ule wa kushoto kuiomba, na hata hapo mama alitazama kwanza darini, kisha mezani, kisha vidoleni, kabla ya kumpa.

Mziwanda akairudisha mahali pake. Taa ikawaka, nyeupe, juu kabisa ya cherehani.

"Haya, mama," Fundi akasema, "uzi mweusi unauona?"

"Nauona," mama akasema, na kweli aliuona, kila uzi wa kitambaa aliuona. Akachukua pini. Akazitazama, akazirudisha kwenye kimto, akapinda ukosi kwa vidole vitupu.